Kisa, Jopo na Sekunde Tisini

Mashindano ya visa vya maadili ya biashara ni zoezi la kitaaluma ambamo timu ya wanafunzi wa chuo kikuu hupewa, au hujichagulia, kisa cha kampuni iliyofika njia panda, ikakichambua kwa muda uliowekwa, kisha ikasimama mbele ya jopo la waamuzi kueleza kampuni hiyo inapaswa kufanya nini na kwa sababu gani. Kisa, kwa desturi ya shule za biashara, ni maelezo ya maandishi ya tukio la kweli au linalokaribiana na la kweli, yenye takwimu, vyeo vya wahusika na mfuatano wa matukio, ambayo hukatishwa pale pale uamuzi unapohitajika. Wanaoyapenda mashindano haya husema kwamba yanawatoa vyuoni wahitimu waadilifu zaidi, na wanaoyabeza huyaona kuwa maonyesho ya suti na slaidi. Lakini pande zote mbili huhukumu matokeo kabla ya kutazama kanuni za mchezo wenyewe. Swali lenye manufaa zaidi ni lile la mgawanyo wa kazi: ni sehemu ipi ya uamuzi wa kimaadili inayoachwa mikononi mwa mwanafunzi, na ni ipi ambayo mwandaaji ameshaimaliza kabla mwanafunzi hajafungua karatasi?

Njia ya kufundisha kwa visa ilianzia katika sheria. Mwaka 1870 Christopher Columbus Langdell, akiongoza Shule ya Sheria ya Harvard, alianza kuwasomesha wanafunzi wake hukumu halisi za mahakama badala ya kuwakaririsha kanuni, na nusu karne baadaye Wallace Donham, mwanasheria aliyesoma katika shule hiyo na kuteuliwa kuwa mkuu wa Shule ya Biashara ya Harvard mwaka 1919, aliihamishia njia hiyo kwenye masomo ya biashara. Katika kuhama huko kitu kimoja kilibaki nyuma. Mwanafunzi wa sheria anayesoma hukumu anajua jaji aliamua nini na anaweza kupima hoja zake dhidi ya uamuzi huo, ilhali mwanafunzi wa biashara hupewa kisa kisicho na hukumu, akaambiwa kwamba majibu mazuri yanaweza kuwa mengi. Kwa somo la masoko au la ugavi hilo halina madhara makubwa, lakini katika somo la maadili linaweza kumfanya mwanafunzi aamini kwamba msimamo wowote ni halali mradi umepangiliwa vizuri, na imani hiyo hupata nguvu zaidi pale kombe linapowekwa mezani.

Namna moja ya kukabiliana na hatari hiyo ilibuniwa na Robert Ladenson, mwalimu wa falsafa katika Taasisi ya Teknolojia ya Illinois mjini Chicago, aliyeanzisha mwaka 1993 shindano linalojulikana kwa jina la Ethics Bowl, ambalo baadaye lilipanuka na kuwa la kitaifa nchini Marekani. Visa vyake hutoka katika tiba, siasa, michezo na biashara, na timu huvipata mapema, ila swali litakaloulizwa juu ya kila kisa hufichwa hadi siku yenyewe. La muhimu zaidi ni kwamba timu hazigawiwi pande. Yeyote aliyepitia shule ya sekondari ya Afrika Mashariki anaujua mdahalo, ambamo mada ya iwapo elimu ni bora kuliko mali hulikata darasa vipande viwili, na mwanafunzi akajikuta anatetea kwa jazba jambo asiloliamini kwa sababu tu ameketi upande wa kushoto. Katika shindano la Ladenson timu mbili zinaweza kukubaliana kabisa juu ya lililo sahihi na bado moja ikaishinda nyingine, kwa kuwa alama hutolewa kwa uwazi wa hoja, kwa kuyatambua mambo yenye uzito wa kimaadili, na kwa kuzichukulia kwa uzito hoja za mtu anayefikiri vinginevyo. Mpinzani anapotoa pingamizi, timu inayokiri kwamba pingamizi hilo limeubadilisha msimamo wake kidogo inaweza kupata zaidi ya ile inayong'ang'ania maneno yake ya mwanzo, jambo ambalo katika mdahalo wa kawaida lingehesabiwa kuwa kushindwa.

Hata hivyo Ethics Bowl, pamoja na ubora wake, humpa mwanafunzi kisa ambacho tayari kimebandikwa jina la maadili. Ili kuona kwa nini jambo hilo si dogo, inafaa kukaa kwa muda na kisa kinachofundishwa pengine zaidi kuliko vyote katika somo hili, yaani kisa cha gari aina ya Pinto lililoanza kuuzwa na Ford mwaka 1970. Tangi la mafuta la gari hilo dogo liliwekwa nyuma, kati ya ekseli na bampa, na lilipogongwa kwa nyuma hata katika mwendo usio mkubwa sana lingeweza kupasuka na kuwaka moto. Mwaka 1977 mwandishi Mark Dowie, katika jarida la Mother Jones, aliutangaza waraka wa ndani wa Ford uliolinganisha gharama na faida: upande mmoja vifo 180 kwa dola 200,000 kila kimoja, majeruhi 180 kwa dola 67,000 kila mmoja na magari 2,100 yaliyoungua kwa dola 700 kila moja, jumla ikikaribia dola milioni 49.5, upande wa pili magari na malori madogo milioni 12.5 ambayo yangerekebishwa kwa dola 11 kila moja, jumla ikikaribia dola milioni 137. Mwaka 1978 Ford iliyaita magari milioni 1.5 yarudi kurekebishwa, na mwaka 1980 kesi yake ya jinai ikasikilizwa katika jimbo la Indiana, ambako iliachiwa huru.

Kisa hiki, kinavyosimuliwa katika vitabu vingi vya maadili, ni kisa cha wakubwa waliokaa mezani wakaamua kwamba ni nafuu kuwaacha watu waungue. Tatizo ni kwamba waraka wenyewe hausemi hivyo. Mwanasheria Gary Schwartz alionyesha mwaka 1991 kwamba waraka huo ulitayarishwa kwa ajili ya mamlaka ya serikali ya usalama barabarani, ulihusu mafuta yanayovuja gari linapopinduka na si linapogongwa nyuma, ulijumlisha magari ya kampuni zote na si Pinto pekee, na ile bei ya dola 200,000 kwa uhai wa mtu ilitokana na hesabu za mamlaka hiyo hiyo. Haya hayaiondolei Ford lawama kwa mahali ilipoliweka tangi, lakini yanaondoa uwezekano wa kukijibu kisa kwa sentensi moja ya hasira. Ni jambo la kusikitisha kwamba kisa kilichokatwakatwa namna hiyo kimetumiwa kwa miaka mingi kufundishia ukweli na uaminifu, na timu inayokipokea kisa bila kuuliza kila takwimu ilitoka wapi imeshaikosa hatua ya kwanza ya uadilifu.

Kuna sehemu ya kisa hiki isiyotajwa mara nyingi, nayo ndiyo yenye somo zito zaidi. Dennis Gioia, kijana aliyesomea uhandisi na uongozi wa biashara, aliajiriwa na Ford mwaka 1972, na mwaka uliofuata akapewa kazi ya kuratibu uitaji wa magari yenye kasoro. Taarifa za Pinto zilizoungua zilipita mezani kwake, gari lenyewe lililoungua alilitazama kwa macho yake, na kikao chake kilipopiga kura hakuunga mkono kuyaita magari hayo. Hakuwa mtu asiyejali, kwani alikuwa amekua na mawazo ya vijana wa miaka ya 1960 waliozishuku kampuni kubwa, na zaidi ya hapo yeye mwenyewe aliendesha Pinto, kisha akamuuzia dada yake. Alipokuwa profesa wa uongozi aliandika mwaka 1992 maelezo yasiyo ya kawaida juu ya mwenendo wake mwenyewe, akisema kwamba akili ya mtu anayepokea mafaili mengi hufuata mwongozo uliokwisha kuzoeleka: angalia idadi ya matukio, angalia kama chanzo cha kiufundi kinajulikana, kisha amua kama faili liendelee au lifungwe. Pinto haikuwa na matukio mengi ya kutosha, na wakati huo chanzo hakikuwa kimethibitika. Suala la maadili halikushindwa na suala la fedha katika kichwa chake, kwa kuwa halikuwahi kufika humo.

Kwa mtazamo huo, shindano linalompa mwanafunzi kisa na kumwambia kwamba ndani yake kuna tatizo la maadili limeshamfanyia ile kazi ambayo Gioia hakuweza kuifanya. Mwanafunzi hatakiwi tena kulitambua tatizo katikati ya mafaili mengine mia. Anatakiwa tu kulieleza, na kulieleza jambo ambalo mwingine amekwisha kulinyooshea kidole ni kazi nyepesi kwa kijana yeyote mwenye bidii.

Hapo ndipo shindano la Chuo Kikuu cha Loyola Marymount mjini Los Angeles linapostahili kutazamwa kwa karibu. Lilianzishwa katika miaka ya 1990 na Thomas White, profesa wa maadili ya biashara katika chuo hicho, na limeendelea kuvuta timu za Marekani na za nchi nyingine. Katika miaka ya karibuni limeongezewa suala la uendelevu, yaani namna biashara inavyotumia mazingira na rasilimali bila kuvipora vizazi vijavyo, na timu hutakiwa kuihusisha mada yake na Malengo ya Maendeleo Endelevu ya Umoja wa Mataifa. Upekee wake ni kwamba waandaaji hawatoi kisa. Timu hukitafuta yenyewe, huamua ni kampuni gani na tatizo gani, kisha huwaambia waamuzi wao ni akina nani: pengine bodi ya wakurugenzi, yaani chombo kinachoisimamia menejimenti kwa niaba ya wenye hisa, pengine wakuu wa idara. Mwanafunzi aliyelazimika kuyapitia magazeti, taarifa za fedha na kumbukumbu za mahakama ili apate tatizo amefanya angalau nusu ya kazi ya kutambua. Ni nusu tu, kwa sababu bado alikwenda kutafuta akijua anachokitafuta, tofauti na mfanyakazi ambaye tatizo humjia Jumanne mchana likiwa limevaa sura ya ripoti ya kawaida.

Timu hujieleza katika hatua tatu. Ya kwanza ni uwasilishaji wa dakika 25, ambao ndani yake tatizo huchambuliwa kwa sheria, kwa fedha na kwa maadili, na suluhisho linalopendekezwa ni sharti liweze kusimama kwenye nguzo zote tatu. Baada yake huja maswali ya jopo. Ya pili ni ya dakika 10, na humo timu huzungumzia maadili peke yake, bila kujificha nyuma ya kifungu cha sheria wala jedwali la mapato. Hapa ndipo nadharia huingia: ile ya manufaa, inayohusishwa na John Stuart Mill, inayopima tendo kwa jumla ya mema na mabaya yanayowafikia wote wanaoguswa, ile ya wajibu, ya Immanuel Kant, inayokataza kumfanya binadamu kuwa chombo tu cha kufikia lengo la mwingine, na ile ya tabia njema, ya Aristotle, inayouliza tendo hili linamjenga mtendaji kuwa mtu wa namna gani. Timu dhaifu huzipanga nadharia hizo tatu kama foleni, kila moja ikapewa slaidi yake, na zote zikafika kwenye jibu lile lile kwa bahati ya ajabu. Timu yenye uelewa hukaa mahali ambapo Mill na Kant wanagombana, kwa sababu ugomvi huo ndio unaoonyesha ni nani atakayeumia na kwa ajili ya nani.

Hatua ya tatu hudumu sekunde 90. Mzungumzaji hufanya kana kwamba amepata nafasi fupi kabisa ya kusema na kiongozi wa juu wa kampuni, na katika muda huo anatakiwa kueleza kiini cha tatizo la kimaadili na kinachopaswa kufanywa. Wako watakaoiona hatua hii kuwa mzaha, kwamba falsafa haiwezi kubanwa katika dakika moja na nusu, lakini ukweli unaweza kuwa kinyume chake. Ofisa wa ngazi ya kati katika shirika lolote hapewi dakika 25 za kumweleza mkurugenzi mtendaji kwamba jambo fulani si sawa. Hupewa muda wa kutoka chumba cha mikutano hadi kwenye gari, tena mbele ya wasaidizi wawili, na sentensi ya kwanza ikisikika kama mahubiri au kama shutuma, mlango umefungwa. Mary Gentile, katika mradi ulioanzia katika Taasisi ya Aspen na Chuo Kikuu cha Yale kabla ya kitabu chake cha mwaka 2010, amejenga mtaala mzima juu ya wazo kwamba watu wengi kazini wanajua lililo sahihi, na kinachowashinda ni kulisema kwa namna itakayosikilizwa. Kwa hiyo yeye huwauliza wanafunzi swali tofauti: ukiwa umeshaamua kwamba jambo hili si sahihi, utamwambia nani, lini, kwa maneno gani, naye atakujibu nini? Majibu ya wakubwa yanatabirika, kwani mara nyingi ni kwamba kila mtu anafanya hivyo, au kwamba hiyo si kazi yako, au kwamba hasara yenyewe ni ndogo, na mtu aliyewahi kuyajibu kwa sauti mara kadhaa hatapigwa butwaa atakapoyasikia kwa mara ya kwanza yakiwa ya kweli.

Udhaifu wa mashindano haya uko kwenye ushawishi. Jopo hujazwa na wanasheria, wakaguzi wa hesabu na maofisa wa uzingatiaji, ambao ni wale wanaohakikisha kampuni inafuata sheria na kanuni, na watu hawa, kwa uzoefu wao, hupenda pendekezo linalotekelezeka. Timu hujifunza upesi kwamba pendekezo linaloongeza sifa ya kampuni na faida yake hupokelewa vizuri kuliko linalokubali hasara, na hivyo visa vingi huishia kwenye hitimisho tamu kwamba wema hulipa. Wakati mwingine hulipa kweli: Johnson & Johnson, ilipoondoa madukani chupa zipatazo milioni 31 za dawa ya Tylenol mwaka 1982 baada ya watu saba wa eneo la Chicago kufa kwa vidonge vilivyotiwa sumu ya sianidi, iligharimika zaidi ya dola milioni 100 na bado ikalirudisha soko lake. Lakini kampuni iliyofanya haki ikafilisika haiachi nyuma idara ya mawasiliano ya kuisimulia hadithi yake, na kwa hiyo haiingii kwenye mkusanyiko wa visa. Kinyume chake pia kimetokea, maana Enron, kabla ya kuanguka mwaka 2001, ilikuwa na kitabu cha kanuni za maadili chenye kurasa 64, na ilisomeshwa katika shule za biashara kama mfano wa ubunifu. Timu ya wanafunzi iliyoichambua Enron mwaka 2000 kwa vifaa vilivyokuwapo ingeweza kabisa kushinda kwa kuisifu.

Dawa ya udhaifu huu, kwa kadiri inavyopatikana, imo katika kipindi cha maswali. Slaidi zinaweza kutengenezwa na mtu mmoja mwenye kipaji na hotuba inaweza kukaririwa, lakini mwamuzi anapouliza timu itafanya nini ikiwa hesabu zake za fedha zimekosewa na pendekezo lake litaleta hasara ya miaka mitano, wanafunzi hulazimika kuchagua papo hapo kama bado wanalishikilia. Mwamuzi anaweza pia kuuliza nani atalipia. Timu hupenda kupendekeza kwamba wafanyakazi watoe taarifa za maovu, bila kusema mtoa taarifa huyo atalindwa na nini siku atakapoitwa na meneja wake. Katika kisa cha Tanzania, kwa mfano, ingebidi ionyeshe inaelewa Sheria ya Kulinda Watoa Taarifa na Mashahidi ya mwaka 2015 inamfikisha mtu huyo wapi na inamwachia wapi.

Vyuo vya Afrika Mashariki havina haja ya kuagiza visa kutoka Marekani. Wanafunzi wake wa sheria wamekuwa wakishiriki kwa miaka mingi mashindano ya mahakama za kuigiza, hivyo desturi ya kusimama mbele ya jopo na kuhojiwa si ngeni, na kisa kilichoiva kiko kwenye simu walizonazo mfukoni. Programu za mikopo ya haraka zilizoenea Kenya, na baadaye Tanzania, zilimtaka mkopaji aruhusu orodha yake ya mawasiliano isomwe, na alipochelewa kulipa, baadhi ya kampuni ziliwapigia simu au kuwatumia ujumbe ndugu, marafiki na hata waajiri wake ili aibu ifanye kazi ambayo riba haikuweza. Kenya ilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Data mwaka 2019, ikaiweka biashara hiyo chini ya Benki Kuu kwa marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, na kanuni za mwaka 2022 zikakataza kuwasumbua watu walio katika orodha ya mkopaji. Nchini Tanzania, ambako mikopo ya masharti ya kikatili imepewa jina la kausha damu, Benki Kuu ilizipiga marufuku mwaka 2024 programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila kibali.

Timu itakayokiandika kisa hiki ina uamuzi wa kufanya kabla ya uchambuzi wowote, nao ni wa mwaka. Ikikiweka mwaka 2023 mjini Nairobi, sehemu ya sheria itakuwa fupi na sehemu ya maadili itaegemea kwenye sheria, maana kosa limekwisha kutajwa katika kanuni. Ikikiweka mwaka 2018, kabla ya sheria ya data, mkopaji alibonyeza kitufe cha kukubali, wawekezaji wanataka ukuaji, washindani wote wanafanya vivyo hivyo, na kiwango cha marejesho kinapanda kila ujumbe wa aibu unapotumwa. Hapo wanafunzi watatakiwa kueleza, bila kuegemea kifungu chochote, kwa nini ridhaa iliyotolewa na mtu mwenye njaa ya fedha usiku wa manane haiwagusi shangazi yake na bosi wake, ambao hawakukopa wala kubonyeza chochote. Itabidi pia waamue jopo ni nani. Wakilifanya kuwa bodi ya wakurugenzi, watazungumzia sera na sifa ya kampuni. Wakimfanya msikilizaji kuwa meneja wa kitengo cha ukusanyaji, mwenye lengo la mwezi na vijana 30 wanaopiga simu chini yake, zile sekunde 90 zitahitaji sentensi ambazo meneja huyo anaweza kuzichukua na kwenda kuzirudia kwa mkubwa wake bila kufukuzwa kazi.